"Inafanya na Kulia": Fundi wa Al Khoudh na Pikipiki Isiyojua Upande

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Alhamisi. Jua la Al Khoudh, hapa Muscat, halina adabu ya kubisha hodi. Limeshaingia gereji, limekalia siti za pikipiki zote, na sasa linamchoma Fidel Makokha kisogoni.

Fidel amechuchumaa nyuma ya pikipiki nyekundu, uso kwa uso na taa zake, kama mtu anayemhoji mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Ananyoosha mkono hadi kwenye usukani, anaisukuma swichi ya indiketa kushoto. Taa ya kushoto inawaka. Inazima. Inawaka. Anaikodolea macho taa ya upande wa pili. Haina habari, imelala fofofo.

"Si unaona?" anasema, na hapo gerejini hakuna mtu wa kuona. "Iko sawa. Sasa shida iko wapi?"

Shida ni kwamba pikipiki hii imerudi kwake mara ya tatu ndani ya siku tisa. Kila ikirudi anaipima, kila akiipima iko sawa, na kila ikiondoka inakwenda kufanya mambo yake huko barabarani. Fidel, mwenye miaka ishirini na tisa na mikono mirefu kama ya mlinda lango, anakiri kwamba kichwa kimemzunguka.

"Mimi nimerekebisha boda boda Kimilili tangu nikiwa na ndevu tatu," anasema. "Pikipiki ikiugua, inaugua mbele yako. Hii inaugua ikienda kwa watu."

Leo ndiyo siku ya mwisho. Mwenye gereji, Bi Zakiya, mjane wa miaka sitini na mbili aliyezaliwa Unguja na kukulia Muscat, alishatoa hukumu yake jana jioni akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Hakupaza sauti. Wanaomjua wanasema ndiyo ishara mbaya.

"Fidel mwanangu, mie nna subira, lakini Ayubu hakunirithisha yote. Kesho ikisikika adhana ya magharibi na hii pikipiki haijajua upande wake, basi nyaya uziwache. Rudi kwenye mipira yako, ntatafuta fundi mwengine."

Mipira ni matairi. Na kwa Fidel, kurudi kwenye matairi si safari fupi ya kutoka meza hii hadi kona ile.

Alikuja Oman miaka minne iliyopita kutoka Kaunti ya Bungoma, Kenya. Wakala alimwahidi kazi ya udereva. Alipofika alikabidhiwa mtaimbo wa kubandulia matairi na kuonyeshwa rundo lililomzidi kimo. Miaka mitatu na nusu aliinama hapo. Mgongo ulizoea, sikio halikuzoea.

"Hapa mtu wa matairi anaitwa Banshar," anaeleza. "Si jina la kazi tu, linakuwa jina lako. Banshar njoo, Banshar haraka, Banshar maji. Siku moja mteja aliniuliza naitwa nani, nikafungua mdomo nikasema Banshar. Nilikaa chini nikacheka, halafu nikaacha kucheka."

Miezi sita iliyopita fundi wa umeme alirejea kwao India kumuuguza baba yake. Bi Zakiya akamwona Fidel akichungulia nyaya kama paka anayechungulia samaki, akampa meza. Mshahara ukapanda kutoka riali mia na thelathini hadi mia na themanini. Fidel hazidharau hizo hamsini. Lakini anachokitaja kwanza ni kwamba asubuhi ile Bi Zakiya alimwita "fundi", mbele za watu, na hakuna aliyecheka.

Kazi yake kubwa ya kwanza ndiyo hii iliyomgeuka. Alaa, kijana wa dada yake Bi Zakiya, husambaza chakula kwa pikipiki kati ya Al Khoudh na Madinat Sultan Qaboos. Yeye na wenzake kumi na mmoja walichoka kubadilisha balbu za indiketa. Joto linazipika, mtikisiko unazikata nyaya za ndani, na baada ya miezi miwili mtu anaashiria kona kwa kutoa mkono kama anayemwaga maji. Wakakubaliana wawekewe taa za LED. Pikipiki ya Alaa ikatangulia, ije kuwa mfano kwa zile kumi na moja.

Mfano ukaanza kwa matata. Fidel alipofunga taa mpya tu, zikaanza kukonyeza mbio mbio kama macho ya mtu aliyeingiwa na pilipili. Hilo alilijua. Kuna kikopo kidogo kiitwacho flasha, kazi yake ni kukata na kurudisha umeme ili taa ikonyeze. Flasha ya zamani imezoea balbu ya wati kumi. Ikikutana na LED inayokula wati moja, inadhani balbu imeungua, inapiga mbio kumwamsha dereva. Fidel akaitoa, akaweka flasha ya kielektroniki. Taa zikatulia.

"Hapo nilijiona nimefika," anasema. "Nilitembea hivi." Anasimama, anapiga hatua tatu kama mkuu wa wilaya anayekagua gwaride.

Flasha mpya ilikuwa na kasoro moja: haikuwa na sauti. Ile ya zamani hulia tik-tak, dereva akajua ameisahau indiketa. Fidel, kwa ukarimu wake, akaongeza kifaa kidogo cha kulia, kila taa ikiwaka nacho kinapiga pii. Hakuna aliyemwomba. Na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Siku mbili baadaye Alaa alimtumia ujumbe wa sauti akiwa barabarani, upepo ukivuma kwenye simu. Fidel ameutunza mpaka leo, na anaufungulia kila anayetaka kusikia:

"Ya fundi, nkitia ya kushoto, inafanya na kulia!"

Mwenye Kiswahili chake na asikilize vizuri. Fidel alisikia kwamba akiwasha indiketa ya kushoto, pikipiki inalia pii. Akacheka. Kumbe kijana hapendi kelele! Pikipiki ilipoletwa akakikata kile kifaa, akakitia mfukoni, akaipima taa juani mbele ya gereji, ikawaka kushoto peke yake. Akaandika kwenye daftari: *Imepona. Hailii tena.*

Kesho yake Alaa akaja mwenyewe, kofia kwapani.

"Ya fundi, bado inafanya na kulia."

"Haiwezi, bana. Nimeitoa koo."

"Koo gani?"

"La kulia."

"La kulia lina koo?"

"Ndiyo lililokuwa na koo. La kushoto halikuwa na kitu."

Fidel akamtazama Alaa. Alaa akamtazama Fidel. Wote wawili walikuwa wakisema Kiswahili, na kila mmoja aliondoka akimwonea mwenzake huruma. Fidel alifikiri joto limempiga kijana wa watu masikioni. Alaa, kwa maelezo yake mwenyewe, alifikiri Wakenya wana somo la uganga katika ufundi.

Cheko likaisha Jumanne. Jua lilikuwa linazama, Alaa yuko karibu na mzunguko wa barabara, anataka kukata kushoto. Akawasha indiketa. Nyuma yake palikuwa na pikapu, na dereva wake hakuona pikipiki inayokata kona. Aliona taa zote mbili za nyuma zikikonyeza, ya huku na ya huku, akadhani ni chombo kimeharibika, kinajisogeza pembeni. Akakipita kwa kushoto, na kushoto ndiko Alaa alikokuwa anakwenda.

Kioo cha pembeni kiliruka. Alaa alichubuka kiwiko, akasimama mwenyewe, akakusanya kuku wa watu aliyemwagika barabarani. Ingekuwa nusu mita zaidi, habari hii ingeandikwa ukurasa mwingine.

"Dereva alinambia, 'We mtoto, waenda kulia au kushoto?'" anasema Alaa. "Nkamwambia kushoto. Akanambia, 'Mbona pikipiki yako yasema kote?' Sasa mie nimjibu nini?"

Bi Zakiya aliposikia, alikunywa finjali mbili za kahawa. Kisha akatoa ile hukumu ya adhana.

Kwa hiyo asubuhi hii Fidel anapima kila kitu upya. Anafuata waya wa kushoto kutoka swichi hadi taa ya nyuma, anaukuna kwa kucha, anaupima kwa mita. Mzima. Anafuata wa kulia. Mzima. Anafungua swichi, anapuliza vumbi, anatafuta mahali nyaya mbili zimegusana. Hazijagusana hata kwa bahati mbaya. Anapima waya unaoungana na chasisi, maana umeme ukikosa njia ya kurudi huzurura. Haujakosa.

Saa nne. Saa tano. Sehemu za pikipiki zimelala chini kama samani za mtu aliyefukuzwa nyumba, na Fidel anazunguka katikati yake. Kwenye kona, rundo la matairi linamngoja. Mtaimbo wake wa zamani umeegemea ukuta. Fidel hatazami upande huo, lakini mtu anajua anapotazamwa.

"Naomba hata iungue," anasema. "Ikiungua nitajua imeungua."

Saa sita na nusu joto limefika nyuzi arobaini na nne. Hata spana zimekuwa za kushikwa kwa kitambaa. Fidel anairudishia pikipiki swichi na taa zake, anaikokota hadi stoo ya nyuma, chumba kisicho na dirisha, ili angalau achanganyikiwe kivulini. Anaegesha. Kwa mazoea tu, bila tumaini, anasukuma swichi kushoto.

Stoo nzima inakonyeza.

Ukuta wa kushoto unawaka rangi ya chungwa. Na ukuta wa kulia nao, kwa mwanga hafifu, uliofifia, kama mtu anayejibu salamu akiwa usingizini, lakini unawaka. Unazima. Unawaka. Taa zote nne.

Siku tisa alikuwa akipima juani, na jua la Muscat kiangazi linameza taa hafifu bila hata kutafuna. Vioo vya taa zenyewe ni vya rangi ya moshi. Mchana ugonjwa hauonekani. Likizama jua, unatoka.

Halafu ule ujumbe wa sauti unamrudia kichwani. Nkitia ya kushoto, inafanya na kulia.

"Kulia," anasema polepole. Anainua mkono wake wa kulia, anautazama kama ameazimwa. "Kulia ni *kulia*! Kumbe hakusema inalia! Alisema upande! Mungu wangu, nimeitoa pikipiki koo bure!"

Bi Zakiya anakuja mbio na mtandio mkononi, akidhani amenaswa na umeme. Anapoelezwa, anaegemea mlango, anacheka mpaka anafuta macho.

"Lugha yenu ya bara hiyo! Sisi zamani tukisema *kuume*. Mkono wa kuume, mkono wa kushoto, mambo yamekwisha. Nyie mkachukua neno la msiba mkalitia barabarani."

"Lakini mama, Alaa ni wenu, na alisema kulia."

"Alaa kalelewa na televisheni," anasema Bi Zakiya. Kisha anakumbuka cheo chake. "Haya, ushaona ugonjwa. Dawa yake?"

Dawa hana. Hapo ndipo mkanganyiko unapozidi, maana sasa anajua kinachotokea na hajui kwa nini. Waya wa kushoto na wa kulia hazigusani popote, amezipima. Umeme wa kushoto unafikaje kulia? Unaruka?

Simu yake inaita. Ni Nakato, msichana kutoka Masaka, Uganda, anayefanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko Madinat Sultan Qaboos. Walikutana kanisani, siku ya Ijumaa, kwa kuwa hapa Jumapili ni siku ya kazi. Fidel humwita "rafiki". Nakato humwita "huyo wa waya". Watu wa kanisani wanasubiri tu tarehe.

"Umekula?" anauliza Nakato.

"Sina muda wa kula. Nagusa taa ya kushoto, ya kulia inaamka. Na hawajuani!"

"Aa, hiyo ni sisi," anasema Nakato.

"Ni ninyi wapi?"

"Mimi na Babirye. Si unajua mimi ni pacha? Mama alikuwa anachapa Babirye, mimi ndiye nalia. Watu wanasema eh, mapacha hawa wana kitu, damu yao inaongea. Damu wapi! Tulikuwa tunalala blanketi moja. Babirye akichapwa anavuta blanketi, mimi nafunuliwa, napata baridi, nalia."

Fidel anaigeukia pikipiki.

"Fidel? Simu imekatika?"

"Blanketi," anasema Fidel. "Nakato, blanketi ni nini?"

"Blanketi ni blanketi! Wewe joto limekupata?"

Lakini ameshaiacha simu juu ya siti. Anatafuta kitu kimoja tu: kile ambacho kushoto na kulia wanalala nacho pamoja. Si nyaya, kila mmoja ana wake. Si taa. Swichi ina njia mbili. Anapanda kwa macho kutoka nyuma kwenda mbele, hadi kwenye usukani, hadi kwenye dashibodi. Na pale, kati ya kipima mwendo na kipima mafuta, kataa kamoja ka kijani, taa ndogo ya ishara, kanamkonyeza.

Kamoja. Ukienda kushoto kanakonyeza. Ukienda kulia kanakonyeza hako hako.

Anafungua dashibodi. Mguu mmoja wa kataa hako umeungwa waya wa kushoto. Mguu wa pili umeungwa waya wa kulia. Ndilo blanketi.

Baadaye, akiwa ametulia, Fidel anaieleza siri hiyo kwa mfano alioupata Oman. "Balbu ya zamani ni mlafi. Umeme kidogo ukipenya kwenye kale ka kijani ukamfikia, ni kama tonge moja kwa mtu mwenye njaa ya siku mbili, hata hashtuki. LED ni kama mtu wa saumu. Tende moja tu, ameshaamka." Ndiyo maana enzi za balbu hakuna aliyeujua mlango huo wa nyuma. Ulikuwepo miaka yote. Waliopita hapo ndio hawakuwa na nguvu ya kuamsha mtu.

Dawa ni vitu viwili vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele: dayodi. Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Fidel anaukata mguu mmoja wa kataa ka kijani, anaupeleka kwenye chasisi. Kwenye mguu wa pili anachomelea kwa lehemu dayodi mbili, moja kutoka kushoto, moja kutoka kulia. Sasa umeme wa kila upande unaweza kuingia kuwasha ka kijani, lakini hauwezi kutoka kwenda kwa jirani.

Anamaliza saa kumi na moja. Stoo inakonyeza ukuta mmoja. Anaizima, anaiwasha. Ukuta mmoja. Bado haamini. Amedanganywa na pikipiki hii mara tatu, na aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Anakirudisha na kifaa cha kulia, kwa sababu sasa anajua hakikuwa na kosa.

Adhana ya magharibi inaposikika, mwanga wa nje umekuwa wa majivu. Alaa amekaa juu ya pikipiki, bandeji kiwikoni. Bi Zakiya amesimama mbele ya taa ya mbele na finjali yake. Fidel amekwenda kusimama mbali, ameipa pikipiki mgongo, hataki kuona.

"Washa kushoto," anasema, akitazama ukuta.

Pii. Pii. Pii.

"Inafanya na kulia?" anauliza.

"Inalia, ndio," anasema Alaa.

Mabega ya Fidel yanashuka. "Inafanya na kulia?"

"Si nasikia, yalia! Pii pii!"

"Siulizi hiyo! Naulizia kulia!"

"Nami nakwambia yalia!"

"Wallahi mtaniua nyie!" Bi Zakiya anaweka finjali chini. "Hakuna ruhusa ya kusema neno hilo gerejini kwangu. Fidel, geuka. Tazama mkono wangu."

Fidel anageuka. Bi Zakiya ameinua mkono mmoja. Fidel anautazama, anajitazama, anakunja uso. Wanatazamana ana kwa ana, na mkono wa kushoto wa Bi Zakiya uko upande wa kulia wa Fidel.

"Mama, huo ni wako au ni wangu?"

Mama mtu mzima anashusha mkono. Anamshika Fidel bega, anamzungusha, anamleta nyuma ya pikipiki, anamsimamisha hapo kama mtoto mbele ya kioo. Taa ya kushoto inakonyeza. Ile nyingine ni nyeusi ti.

Kisha Bi Zakiya anakwenda hadi kwenye kona ya matairi, anauchukua ule mtaimbo ulioegemea ukuta, mzito kwa mkono wake, na kuubeba hadi ofisini. Unasikika ukiingizwa kabatini. Kabati linafungwa.

"Zile kumi na moja zaja Jumamosi," anasema akirudi. "Fundi, usinichelewe."

Fidel ana mipango. Kwanza ni hizo kumi na moja, kila moja na dayodi zake mbili. Pili, ameshabandika karatasi ukutani, kwa kalamu nene: HAPA TUNASEMA KUUME. Tatu, ameanza kuweka dayodi kwenye kopo la biskuti, za kubeba nyumbani Kimilili mkataba wake utakapokwisha, miaka miwili ijayo. Boda boda huko nazo zimeanza kuvaa LED, anasema, na watu wanapita wakikonyeza kote kote kama harusi. Anataka kibanda chenye meza moja ya nyaya, kisicho na tairi hata moja. Nakato ameuliza kama Kimilili kuna baridi. Fidel amejibu kwamba kuna mablanketi, kila mtu atakuwa na lake.

Jioni hiyo hiyo, simu inawaka mfukoni mwa Fidel. Ni ujumbe wa Nakato.

*Imefanya?*

Fidel anafuta mikono kwenye suruali, anaandika: *Imefanya. Kushoto tu.*

*Na kulia?*

Anatazama huku na huku. Alaa anavaa kofia, Bi Zakiya amemwinamia kwa maonyo ya barabarani. Hakuna anayemwona. Anapitisha kiganja kwenye macho yaliyolowa, anaandika neno moja.

*Kidogo.*